Hukumu Kabla ya Kesi: Deni na Daftari Kando ya Mto Tana

Maji ya mradi wa umwagiliaji wa Bura, nchini Kenya, yalianzia Nanighi. Wahandisi walikuwa wamefikiria kujenga hapo ukuta wa kukinga mto, ili maji yapande na kuteremka mferejini yenyewe, lakini ukuta ni ghali na ukaahirishwa. Zikawekwa pampu za dizeli badala yake. Kwa hiyo maji yaliyofika kwenye mashamba ya pamba, mbali na ukingo wa Tana, yalikuwa yamekwisha kula mafuta yaliyoletwa kwa lori kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Sehemu ya gharama hiyo ilitakiwa irudi kwa mkulima kwa jina la ada ya maji. Na mkulima, kama ilivyo kwa wakulima wote wa mpango, angelipa akivuna.

Benki ya Dunia ilikubali kukopesha mwaka 1977, na wakopeshaji wengine wa Ulaya wakaingia. Makaratasi yalisema hekta 6,700 zitalimwa na familia 5,150 zitapewa makao. Wakaaji wa kwanza walifika 1981, wengi kutoka wilaya za mbali ambako ardhi ilikuwa imekwisha: watu wa milimani na wa ziwa, wakashushwa kwenye tambarare ya joto na mbu, kati ya Wapokomo walioujua mto na Waorma walioyajua malisho. Mradi ulipokwama, hekta zilizokuwa chini ya maji zilikuwa kama 2,500 tu, na familia zilizidi kidogo elfu mbili.

Kila familia ilipewa kiasi cha hekta 1.25 na kipande kidogo cha mboga. Haikupewa hati. Chini ya Sheria ya Umwagiliaji ya 1966 na kanuni zake za 1977, mkulima wa mradi wa taifa alikuwa mwenye leseni, mtu aliyeruhusiwa kulima kwa masharti. Meneja ndiye aliyesema nini kipandwe na lini. Mkulima akizembea kupalilia, meneja aliweza kuleta vibarua na kumwandikia yeye gharama. Pamba yote ilikwenda mikononi mwa mradi, ikauzwa kwa utaratibu wa bodi ya pamba, na kabla pesa hazijarudi kijijini daftari lilikuwa limeshafanya kazi yake: kulimiwa kwa trekta, mbegu, mbolea, dawa ya wadudu, maji, na posho ya kuanzia iliyomlisha mkulima kabla ya msimu wake wa kwanza. Pamba ni mmea unaopenda kupigwa dawa mara nyingi, na kila duru ya dawa ilikuwa mstari mmoja zaidi. Kilichobaki chini ya ukurasa ndicho alichopewa. Kikibaki kitu. Kisipobaki, deni lilivuka mwaka na kumngoja msimu ujao.

Mtu wa sheria akilitazama daftari hilo anaona jambo moja upesi. Hapo pana mdai, pana mdaiwa, pana kiasi kinachojulikana mpaka senti, na pana utekelezaji. Kinachokosekana ni kesi. Mkulima hakuletewa samansi, hakuulizwa kama trekta lilifika kweli shambani kwake au lilipita njia, wala kama maji yalimfikia wiki ile pampu zilipokuwa zimekufa. Katika mpango wenyewe hakimu hakutengewa kiti.

Nimeanza na Nanighi kwa sababu ya lawama ninayoisikia mara kwa mara, hata kwa mawakili, kwamba mahakama zetu zina kisu kinachoitwa hukumu ya muhtasari, ambacho mwenye pesa humkatia mwenye deni kabla hajasema neno. Lawama hiyo si ya uongo yote. Lakini ukiifuata historia ya kisu hicho tangu kilipofuliwa, utaona kwamba katika nchi hii madeni mengi ya watu wadogo hayakupitia hata hapo. Yalikatwa mahali pasipo na mlango wa kubishia.

Kisu kilifuliwa Uingereza katikati ya karne ya 19. Wafanyabiashara wa London walikuwa na kilio cha siku nyingi. Mtu amesaini hati ya ahadi ya kulipa au hawala ya kibiashara, siku ya malipo imefika, hana la kusema, lakini wakili wake anajibu mahakamani kwa utetezi wa kubuni ili kununua miezi. Kesi inapangwa, inaahirishwa, na mdaiwa anatumia muda huo kuhamisha mali. Mwaka 1855 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyokuja kujulikana kwa jina la mbunge na mwanasheria Henry Singer Keating. Chini yake, mwenye hati ya namna hiyo aliweza kutoa samansi maalumu, na mdaiwa akapewa siku 12 za kuomba ruhusa ya kuingia mahakamani. Asipoomba, au akiomba bila sababu ya maana, hukumu inatoka.

Angalia kilichogeuzwa. Kwa kawaida mlango wa mahakama huwa wazi kwa anayeshitakiwa, na anayeshitaki ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Sheria ya Keating iliufunga mlango na kumwambia mdaiwa abishe hodi. Ilikuwa sheria ya watu wa karatasi kwa watu wa karatasi, na kwa hao haikuwa dhuluma: aliyesaini hawala alijua anasaini nini. Mambo yalibadilika miaka 20 baadaye, mahakama za Uingereza zilipopangwa upya kwa sheria za 1873 na 1875. Amri ya 14 ya kanuni mpya ilichukua njia ile ya haraka na kuipanua iguse madai ya kiasi kilichojulikana kwa jumla, yakiwamo ya bidhaa zilizouzwa na kupokelewa. Deni la duka likaingia mlango mmoja na hawala ya benki.

Majaji waliona hatari mapema. Mwaka 1901, katika shauri la Jacobs dhidi ya kampuni ya pombe ya Booth's Distillery, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwakumbusha walio chini yake kwamba njia hii haikuwekwa ili kumzuia mtu mwenye jambo la kusikilizwa asisikilizwe. Mdaiwa akionyesha kwamba pana suala la kweli la kuamuliwa, apewe ruhusa ya kujitetea. Tangu hapo historia yote ya hukumu ya muhtasari, London, Bombay, Nairobi au Kampala, ni mvutano juu ya kipimo hicho. Suala la kweli ni lipi, na ni uzito gani wa shaka unaotosha kuufungua mlango?

Kwetu haikuja moja kwa moja. Ilizunguka kupitia India. Amri ya Kifalme ya 1897 iliyoweka mahakama za himaya ya Afrika Mashariki iliagiza sheria za India zitumike, na kwa muda rufaa za Mombasa na Zanzibar zilisafiri hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Haikuwa ajabu, kwa maana sehemu kubwa ya mikopo ya pwani ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Gujarati na Kutch tangu zama za masultani. Kanuni za madai za India za 1882 zilikuwa na sura yao ya mashauri ya haraka ya hawala na hati za ahadi, na zile za 1908 zikaihamishia kwenye Amri ya 37.

Pwani ilikuwa na utaratibu wake wa zamani. Mbele ya kadhi, anayedai huleta bayana, na anayekana huapa. Deni liandikwe, mashahidi wawepo, na mdaiwa aliyebanwa apewe muda mpaka hali imfunguke: hayo ni maagizo ya Sura ya Al-Baqara, na kila aliyesoma chuoni Lamu au Siyu aliyajua. Watu, kwa kuikimbia riba, walibuni njia nyingine. Mwenye shamba la mikarafuu aliliuza kwa mkopeshaji kwa bei khiyari, akiwa na haki ya kulinunua tena, naye akabaki humo akilipa kodi. Kwa jina ilikuwa biashara, kwa tumbo ilikuwa rahani. Mahakama za Kiingereza zilipoletewa karatasi hizo zilizisoma kwa macho ya rahani, na mashamba yakaanza kubadili mikono.

Zanzibar ndiko mambo yalikofika pabaya zaidi. Bei ya karafuu ilipoanguka baada ya 1929, wenye mashamba, Waarabu na Waafrika, walijikuta wanadaiwa zaidi ya thamani ya miti yao. Mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ilitoa dikrii ya kuzuia ardhi isihame kutoka kwao kwenda kwa wakopeshaji, na ukazaji wa madeni ukasimamishwa kwa muda. Wahindi wa Zanzibar walilipinga jambo hilo kwa nguvu. Ugomvi ulivuka bahari, na mwaka 1937 karafuu ya Zanzibar ikasusiwa India. Suluhu ilipatikana 1938, na dikrii ya mwaka huo ya kulinda ardhi na kumaliza madeni ikaipa serikali kazi ya kupima kila deni upya. Hiyo ni mojawapo ya mara chache katika historia yetu ambapo dola ilisema wazi kwamba karatasi iliyosainiwa haitoshi, na kwamba lazima kwanza tuulize deni lilizaliwaje.

Bara, serikali ya kikoloni ilichukua njia nyingine, ya kumfungia Mwafrika nje ya mkopo kabisa. Sheria ya 1903 ya himaya ya Afrika Mashariki ilizuia biashara ya mkopo na wenyeji. Mwaka 1948 Kenya ikatunga sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika: mkopeshaji hangeweza kudai mahakamani zaidi ya shilingi 200 kutoka kwa Mwafrika ila mkataba uwe wa maandishi na umeshuhudiwa na afisa wa utawala. Nia iliyotajwa ilikuwa kumlinda asinyonywe na mwenye duka. Matokeo yake ni kwamba Mpokomo wa Hola aliyetaka mtaji wa kununua mtumbwi mkubwa au Mworma mwenye ng'ombe mia walikuwa, machoni pa sheria, watoto wasioaminiwa na noti kumi za shilingi 20. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955 iliona ubaya wa vizuizi vya namna hii, na karibu na uhuru sheria ile ikaondolewa.

Wakati huohuo kanuni za madai za Kenya, zilizotengenezwa upya 1948, zilikuwa na Amri ya 35 ya hukumu ya muhtasari. Zilitungwa mwaka mmoja, sheria hizo mbili. Moja iliharakisha ulipaji wa madeni ya wenye biashara, nyingine ilihakikisha Mwafrika wa kawaida hawi na deni la kuharakishwa. Kwa hiyo kwa miaka mingi majina katika vitabu vya hukumu za muhtasari yalikuwa ya makampuni ya katani, pamba na vipuri vya magari, dhidi ya wenye maduka, mahoteli na viwanda.

Shauri linalonukuliwa zaidi ni la aina hiyo hiyo. Ralli Brothers, nyumba ya biashara iliyokuwa na shughuli India na Afrika Mashariki, ilikuwa upande mmoja, Zola na mwenzake upande wa pili. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ililiamua 1969, wakati ambapo bado ilikuwa ikitumikia nchi tatu kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Rais wa mahakama, Sir Charles Newbold, alieleza lengo la Amri ya 35: mwenye dai la kiasi kinachojulikana, lisilo na utetezi wa maana, apate haki yake upesi bila kucheleweshwa na mbinu za mdaiwa. Akaongeza kwamba mdaiwa anayetaka kuzuia hukumu aje na ushahidi kwa hati ya kiapo, unaoonyesha msingi fulani wa utetezi. Tangu siku hiyo sijui kama kuna wakili wa Kenya aliyeandika ombi la hukumu ya muhtasari bila kumtaja Zola.

Basi tuingie chumbani, tuone ombi la namna hiyo lilivyokwenda chini ya Amri ya 35. Mdai amefungua shauri, mdaiwa ameitikia samansi. Mdai analeta ombi pamoja na hati ya kiapo, na nyuma yake vielelezo vyenye herufi: oda ya bidhaa, ankara, hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya mtu wa ghala, na mara nyingi hundi iliyorudishwa na benki kwa sababu akaunti haina kitu. Hakuna shahidi anayesimama. Mdaiwa naye analeta kiapo chake: mzigo ulifika umeoza, saini si yangu, nimekwisha lipa nusu, tulikubaliana niuze kwanza. Jaji anasoma karatasi mbili zinazopingana na anatakiwa aamue swali moja tu, je, hapa pana jambo? Likiwepo, mdaiwa anapata ruhusa ya kujitetea. Jaji akilitilia mashaka anaweza kuitoa ruhusa kwa sharti, kwa mfano fedha ziwekwe mahakamani kwanza. Likikosekana kabisa, hukumu inatoka palepale, na kinachofuata ni dalali wa mahakama mlangoni.

Ugumu uko kwenye neno "jambo". Mwaka 1974, katika shauri la Patel dhidi ya kampuni ya East African Cargo Handling Services ya bandarini, Mahakama ya Rufaa iliamua kitu kilichosaidia sana, ingawa shauri lenyewe lilihusu kufutwa kwa hukumu iliyotolewa mdaiwa asipokuwepo. Utetezi wa maana, ilisema, si ule ambao lazima ushinde. Ni ule unaoibua suala linalostahili kusikilizwa. Zaidi ya miaka 30 baadaye Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilirudi hapohapo katika shauri la Chuo Kikuu cha Moi dhidi ya wajenzi Vishva Builders: suala moja tu la kweli linatosha, hata kama jaji moyoni anahisi mdaiwa atashindwa mwisho wa safari. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi bora ya majaji wetu katika uwanja huu. Walikipokea kisu kutoka kwa wafanyabiashara wa London wakakitia ala.

Majirani walikipokea kwa namna nyingine. Uganda, mdai wa muhtasari huanza na kiapo pamoja na hati yake ya madai, na mdaiwa ana siku 10 za kuomba ruhusa ya kuingia na kujitetea, asipoomba, amekwisha. Tanzania, Amri ya 35 ya kanuni za 1966 imebaki karibu na asili yake: hawala, hundi, hati za ahadi, lakini pia madeni fulani ya benki, kodi na huduma za umma. Kwa Kenya mlango huanza ukiwa wazi na mdai ndiye anayeomba ufungwe. Kwa jirani zake huanza ukiwa umefungwa.

Turudi Bura. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikiendelea, bodi ya pamba ililipa kwa kuchelewa, wakati mwingine kwa kuchelewa mno, na wakulima walingoja pesa za msimu mmoja huku gharama za msimu wa pili zikianza kuandikwa. Pampu za Nanighi zilizidi kuharibika. Kufikia mwisho wa muongo huo pamba ilikuwa imekufa, na wakulima waliobaki walikuwa wakila chakula cha msaada kando ya mifereji mikavu. Huko Hola, mradi mkongwe ulioanzishwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, wakiwemo wale 11 waliopigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959, mto ulihama mwaka 1989 na kuziacha pampu zikitazama mchanga.

Sasa jiulize, mkulima wa Bura mwaka huo angeshitakiwa kwa deni la daftari kwa njia ya Amri ya 35, angesema nini? Angesema mengi. Kwamba maji ndiyo kiini cha mkataba na maji hayakuja. Kwamba pamba aliyoitoa haijalipwa, na deni lake lipimwe dhidi ya deni analodai yeye. Kwamba hesabu ya trekta hakuwahi kuiona. Kwa kipimo cha Patel, moja tu ya hayo lingetosha kumpa ruhusa ya kujitetea, na mradi ungelazimika kuleta vitabu vyake mbele ya hakimu. Ndiyo maana nasema, kwa mtu huyo, hukumu ya muhtasari inayolaumiwa sana ingekuwa hatua mbele. Ingemletea karatasi yenye jina lake na siku za kujibu.

Wala haikuwa Bura peke yake. Shirika la Fedha za Kilimo, lililowakopesha wakulima wa nchi nzima, lilipewa na sheria yake ya 1969 uwezo wa kuchukua na kuuza ardhi iliyowekwa rehani bila kwenda mahakamani kwanza. Mkulima aliyeona ameonewa ndiye aliyelazimika kukimbia kutafuta zuio. Dola ilipokuwa mkopeshaji ilijitengenezea njia fupi kuliko ile iliyompa mfanyabiashara.

Katiba ya 2010 ilibadili hewa. Mwaka huohuo zilitoka kanuni mpya za madai, na Amri ya 35 ikawa Amri ya 36, ikiwa imebanwa: sasa ombi la hukumu ya muhtasari linafaa pale mdaiwa alipoitikia samansi lakini hakuleta utetezi. Aliyeleta utetezi, hata dhaifu, hushambuliwa kwa njia nyingine, ya kuomba utetezi huo ufutwe kwa kuwa ni wa kipuuzi. Na katika mwaka huohuo Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu jela ya madai kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba kunapingana na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya imejiunga nao. Majaji wengine hawakumfuata moja kwa moja, na vifungu vya kifungo cha madai havijafutwa. Lakini tangu hapo mdai anatakiwa aonyeshe kwamba mdaiwa ana uwezo na anakataa, si kwamba hana.

Kisha ikaja Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, milango ilifunguliwa Nairobi Aprili 2021, na kikomo ni shilingi milioni moja. Shauri linatakiwa liishe ndani ya siku 60, wakili si lazima, na hakuna haja ya kanuni za kiapo za zama za Keating. Kwa mwenye duka la Garsen anayedai gunia za mchele, au mfugaji aliyeuza ng'ombe kwa mkopo akazungushwa, hiyo ni njia ya haraka inayomsikiliza kila mtu. Kwa mdaiwa pia. Tatizo ni umbali. Mto Tana ni mrefu, na kutoka vijiji vya Nanighi hadi meza ya hakimu, iwe Garissa, Hola au Garsen ambako Mahakama Kuu ilipofika baadaye iliwapunguzia watu wa Tana safari ya Malindi, nauli ya kwenda na kurudi inaweza kula deni lenyewe.

Na madeni ya watu wa huko hayangoji tena daftari la meneja. Yako kwenye simu. Mwaka 2019 Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa, iliingia, na mamilioni ya Wakenya wakazoea deni linalojikata lenyewe pindi pesa yoyote inapoingia, iwe mauzo ya samaki au mchango wa matibabu. Sitaki kuitukana, watu wameikubali kwa mikono yao na imewavusha siku nyingi. Lakini mtu aliyelima Bura akielezwa namna inavyofanya kazi atakwambia anaifahamu. Mwaka 2022 Benki Kuu ilitoa kanuni za kuwasajili wakopeshaji wa mitandaoni, baada ya malalamiko ya watu kupigiwa simu za aibu kwa ndugu na waajiri wao. Kanuni hizo zinagusa adabu ya mkopeshaji. Hazikumrudishia mdaiwa siku ya kusema "ngoja, nina jambo" kabla shilingi haijaondoka.

Mfereji wa kuteremsha maji kutoka Korakora, wenye urefu wa kilomita 26, ulikuja kujengwa ili Bura iachane na pampu za dizeli, na wazo la ukuta wa Nanighi bado limo kwenye mipango ya nchi. Wakulima wapya watapewa mbegu na maji kwa mkopo kama wa kwanza. Sheria ya Umwagiliaji ya 2019 imeifuta ile ya 1966, na ningewashauri vyama vya wakulima vidai sharti moja kwenye mikataba yao: kabla gharama yoyote haijakatwa kwenye mavuno, mkulima apewe hesabu kwa maandishi na siku za kuipinga, tena hapohapo kijijini.

Kwa atakayeletewa samansi ya deni leo, mkulima au mwenye duka, kanuni za Kenya zinampa siku 14 za kuleta utetezi baada ya kuitikia. Azitumie. Akikaa kimya, hukumu itatoka bila yeye, na hapo kinga yake itabaki Kifungu cha 44 cha Sheria ya Madai, kinachomkataza dalali kugusa vifaa vya kazi vya mtu, na kwa mkulima au mfugaji kinaokoa mifugo yenye thamani ya shilingi 10,000 za mwanzo. Siku kiwango hicho kilipoandikwa kiliokoa zizi. Kwenye mnada wa leo wa Garissa hakifikii ng'ombe mmoja.